Tairi Mpya Hukaa Nyuma

Baba Kariuki alizikwa Mutuini mwezi uliopita, katika shamba lake, chini kidogo ya zizi. Nilifika mapema, kabla ya watu wa kanisa kumaliza kupanga viti, nikapitia nyuma ya nyumba kama nilivyozoea zamani. Jikoni kulikuwa na moshi na wanawake wengi, na Mama Kariuki alikuwa ameketi katikati yao kwenye kigoda, shali mabegani, akiwaambia wasikate viazi vikubwa hivyo kwa sababu haviivi pamoja na mahindi. Aliniona mlangoni, akaniita kwa jina, akaniuliza kama nimekunywa chai. Baiskeli ya mzee ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa nje, ile nyeusi yenye keria kubwa ya chuma ambayo kwa miaka mingi ilibeba mikebe ya maziwa. Niliipita bila kuitazama. Mawazo yangu yalikuwa kwa Kariuki, ambaye sikuwa nimemwona kwa muda mrefu, na kwa mwaka ule ambao mimi na yeye tuliutumia karibu wote kubishana juu ya kitu kimoja: tairi ya mbele ya baiskeli.

Ulikuwa mwaka uliofuata ule ambao matatu zote zilianza kuchorwa mstari wa njano ubavuni. Nilikuwa nimepanga chumba Kabiria, katika ploti ya mabati yenye milango iliyotazamana, na nilikuwa nimepata kazi yangu ya kwanza Hurlingham, katika ofisi ndogo ya utalii. Ofisi ile ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa, nayo ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa mbao nyembamba. Upande mmoja nilikaa mimi na simu. Upande wa pili alikaa mwenye kampuni, Madam Mueni, mwanamke wa makamo ambaye hakujua kunong'ona. Kila alichosema nilikisikia, hata nilipojaribu kutosikia, na sikujaribu sana. Naamini kazi ya uandishi wa habari niliyoifanya baadaye niliianza pale, nikiwa nimeshika simu isiyolia, masikio yakiwa upande wa pili wa mbao. Wageni wake walipelekwa kuendesha baiskeli za milimani, Ngong na kule chini bondeni, na mwaka ule alitaka waongozaji wapya. Nilimsikia akimwambia mhasibu wake kwamba kupanda mlima si hoja, kila kijana wa Dagoretti anaweza kupanda mlima. Shida ni kuteremka. "Wanateremka kama mbuzi wamefunguliwa," alisema, "halafu kona inawamwaga wote. Mgeni akiona mwongozaji amelala kwenye matope, yeye atamfuata nani?"

Kariuki nilimfahamu kwa sababu ya maziwa. Kila asubuhi alikuja Kabiria kwa niaba ya babake, akapima maziwa kwa kikombe cha bati mlangoni mwa kila mtu. Alikuwa na umri sawa na wangu, amemaliza shule, na baiskeli yake mwenyewe aliiunda kidogo kidogo kutokana na vipande vya mitumba: fremu ya huku, gia za kule, breki kutoka kwa baiskeli ambayo gari liliikanyaga. Nilimweleza nilichosikia ofisini. Alisikiliza, mkebe mkononi, kisha akaniambia kwamba babake amempa mpaka mwisho wa mwaka. Akikosa kazi kufikia Krismasi, ataichukua njia ya maziwa iwe yake kabisa, na mzee apumzike. Alilisema bila manung'uniko. Njia ile ilikuwa imewalisha na kuwasomesha wote. Ila aliongeza kwamba akishaichukua hataiacha, kwa sababu ng'ombe hawana likizo, na nilipomtazama usoni nikaona hakuwa akinitania.

Madam aliwajaribu vijana wake katika njia moja inayoteremka kutoka Mutuini hadi kwenye kijito. Ni njia ya udongo mwekundu, pana kiasi cha ng'ombe wawili kupishana, na karibu na mwisho wake kuna kona kali ya kushoto kando ya mikaratusi. Masika yalikuwa yameanza. Nilikwenda kutazama kwa sababu ilikuwa Jumamosi na kwa sababu mimi ndiye niliyemshawishi Kariuki ajaribu. Kariuki alishuka vizuri kuliko wenzake wote, akafika kwenye kona, akalaza baiskeli upande ili aikate, na gurudumu la mbele likamponyoka kwenda nje. Aliteleza kwa ubavu mpaka kwenye majani ya napia, yale ya kulisha ng'ombe. Madam, aliyekuwa amesimama na mwavuli, alimwambia anaendesha vizuri lakini hawezi kumlipa mtu wa kuanguka. Arudi mvua za vuli, atamjaribu mara moja tena, basi.

Madam na wengine walipoondoka nilibaki kwenye kona nikitazama alama. Hii ndiyo tabia yangu mpaka leo: watu wakishatoka, mimi hubaki kuangalia sakafu. Udongo ulikuwa umeandika kila kitu. Alama ya gurudumu la nyuma ilikuwa safi, meno yote yameonekana, imepinda kama inavyotakiwa. Ya mbele ilikuwa mchirizi laini tu, kama mtu aliyepitisha kidole kwenye siagi. Nilimwonyesha Kariuki. Akasema ni breki, aliishika kwa nguvu. Tukaitazama baiskeli pamoja. Nyuma kulikuwa na tairi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, pana, ya mpira laini, yenye meno makubwa ya pembe nne mabegani mwake, huko kando kunakogusa udongo baiskeli ikilazwa. Alikuwa ameipata mjini katika mzigo wa mitumba, moja tu, mwenzake hakuwepo. Mbele kulikuwa na tairi kipara, isiyo na jino. Nilimuuliza kwa nini ile nzuri ameiweka nyuma, naye akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini huvaa viatu miguuni.

Hapo ndipo nilipoijua sheria ya nyumba ile, ambayo kumbe ilikuwa sheria ya kila mwenye baiskeli kutoka Mutuini hadi Kawangware. Tairi mpya hukaa nyuma. Ikiisha kidogo huhamia mbele, ikamalizia uzee wake huko, na mpya nyingine huwekwa nyuma. Nilielezwa na mzee mwenyewe, jikoni, Mama Kariuki akitumiminia chai nzito ya maziwa kwenye vikombe vya bati. Baba Kariuki alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na alipenda kujibu swali baada ya kumeza. Alisema gurudumu la nyuma ndilo linalobeba maziwa, ndilo linalosukuma, ndilo linalosimamisha. "Ya mbele inaonyesha njia tu," alisema. "Inayofanya kazi ni ya nyuma." Mama Kariuki akadakia kwamba ndivyo ilivyo hata nyumbani kwake, mzee huonyesha njia tu. Tukacheka sote, mzee pia, na mjadala ukaishia hapo. Wala hakukosea. Nimefikiri jambo hili mara nyingi. Kwa mtu mwenye mikebe ya maziwa nyuma yake, anayekwenda pole pole katika barabara ya kokoto, sheria ile ni sahihi kabisa. Ilikuwa sheria nzuri iliyopanda kwenye baiskeli isiyo yake.

Basi tukaanza kutafuta tairi ya mbele, ile nzuri ikibaki nyuma kama kawaida. Siku za mapumziko tulikwenda mjini, kule chini karibu na River Road, ambako wauza spea walitundika tairi juu ya milango kama mandazi kwenye uzi. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja mnene aliyetuzoea. Alituuliza huo mlima tunaoutaka uko wapi hapa Nairobi, ama ni zile ngazi za kwake. Alikuwa na mazoea ya kumpa mteja tairi kabla hajaitaja, ili mikono ishike na moyo ufuate. Kutoka kwake tulichukua kwanza tairi ya meno madogo yaliyobanana. Ilikuwa nyepesi na ilikimbia sana, lakini mpira wake ulikuwa mkavu. Ukibonyeza kwa ukucha, ukucha ndio uliumia. Kwenye kona ilimtupa Kariuki siku ya kwanza. Ya pili ilikuwa nyembamba, ya meno marefu yaliyoachana, ambayo yule bwana aliapa ni ya matope. Ilikuwa kweli ya matope, lakini palipokuwa na udongo mgumu chini ya utelezi meno yake yalijikunja, na gurudumu likatambaa upande. Vilevile kati ya meno yake ya katikati na yale ya mabegani kulikuwa na mtaro mtupu. Kariuki alipoanza kulaza baiskeli alishikwa vizuri, kisha akafika kwenye mtaro ule, pasipo na jino lolote, na kabla ya kufika kwenye meno ya begani alikuwa ameshalala chini.

Kiangazi kilipokuja kona ikakauka, ikawa vumbi, nasi tukaanza kuimwagilia maji. Tulichota kijitoni kwa mitungi ya plastiki, tukamwaga, tukasubiri udongo unywe, halafu Kariuki akapanda juu na kushuka. Watu wa Mutuini walisimama kututazama. Mama mmoja aliyekuwa na mzigo wa napia mgongoni alituuliza kwa upole mkubwa, "Na hii barabara mnaimwagilia ndio imee nini?" Kariuki akamjibu, "Imee kazi, mama." Yule mama akasema Mungu atubariki, akaenda zake akitikisa kichwa, na nadhani ni yeye aliyeisambaza habari.

Nilikuwa nimerudia jambo lile lile mara nyingi mpaka Kariuki akachoka kunikatalia. Siku moja alikuja Kabiria, akaigeuza baiskeli magurudumu juu mbele ya mlango wangu, akasema, "Haya Mwende, lete vijiko." Hatukuwa na vyuma vya kutolea tairi. Nilikuwa na vijiko, na chapati na ndengu zikiwa jikoni juu ya stovu ya mafuta ya taa. Tukazitoa tairi zote mbili kwenye rimu, ile nzuri tukaivisha gurudumu la mbele, ya meno madogo ikaenda nyuma. Mama Sammy, jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye aliamini kwa dhati kwamba tutaoana, alisema hajawahi kuona mahari ikiletwa ikiwa imepinduliwa. Halafu tulikula ndengu kwa vijiko vilivyopinda. Vijiko vile ninavyo hadi sasa. Wageni hudhani nilivinunua hivyo.

Tofauti haikuhitaji mtaalamu. Nilikuwa nimesimama pale pale kwenye kona yetu yenye maji. Kariuki alishuka, akalaza baiskeli, meno ya mabegani yakaingia kwenye udongo, na gurudumu la mbele likafuata njia kama ng'ombe anayejua kwao. La nyuma ndilo lililoteleza kidogo, likatikisa mkia, likarudi lenyewe. Alisimama chini akacheka peke yake. Aliniambia nyuma ikiteleza unajua, una muda wa kuirekebisha. Mbele ikiteleza unajua ukiwa chini. Tukapunguza upepo kidogo, tairi ikalainika, ikashika zaidi. Ilikuwa nzito na yenye uvivu katika kupanda, naye hakujali. Kisha tukarudi kwangu, tukachukua vijiko, tukairudisha tairi nyuma.

Ndiyo, tuliirudisha. Mzee ndiye aliyetengeneza baiskeli zote za boma lile, kila jioni, kwa mikono yake, na Kariuki hakuwa tayari aione sheria yake imepinduliwa kwenye chombo kilicholala chini ya paa lake. Kila wiki tulizibadilisha, na kila wiki tukazirudisha kabla hajaenda nyumbani. Nilimuuliza mara moja kama haingekuwa rahisi kumwambia tu. Alijibu, "Nimwambie nini? Kwamba miaka yote amekuwa akikosea?" Nikamwambia hajakosea. Akasema hilo ndilo gumu zaidi kumweleza. Nilikuwa kijana, na niliona ni woga. Leo nina watoto wanaonisahihisha mezani, na siiti woga tena.

Wiki ya jaribio mvua ilinyesha kama ilivyotakiwa. Tulikubaliana kwamba safari ile tairi haitarudi nyuma. Tulizibadilisha siku ya Ijumaa baada ya kazi, akaenda nayo nyumbani hivyo hivyo, aifunike kwa gunia. Asubuhi nilifika Mutuini nikamkuta amesimama juu ya njia pamoja na vijana wengine, uso umemkauka. Niliitazama baiskeli. Ilikuwa imeoshwa, mnyororo umetiwa mafuta, breki zimekazwa, na tairi nzuri ilikuwa nyuma. Babake aliamka mapema kukamua, akaliinua gunia, akaona kijana wake amefanya kosa siku muhimu kuliko zote, akalisahihisha kabla ya kwenda na maziwa. Kariuki aliikuta imeegemezwa mlangoni ikiwa tayari, mzee ameshaondoka. Sijui zawadi nyingine iliyotolewa kwa moyo safi kiasi hicho.

Madam Mueni alikuwa chini kwenye kona na mwavuli wake. Sikuja na vijiko. Wakati huo huo mzee mwenyewe akatokea, akiisukuma baiskeli yake, mikebe mitupu ikigongana kwenye keria. Alikuwa amemaliza njia yake na alikuja kutazama. Alisimama kando, akavua kofia, akatusalimu, kisha akaikagua kazi yake kwa macho, akaridhika. Chini ya kiti cha baiskeli yake kulikuwa na kimfuko cha ngozi, na ndani yake vyuma viwili bapa vya kutolea tairi, vilivyofuliwa kutokana na springi ya gari. Kila mtu aliyekuwa pale angeweza kuazimwa vyuma vile. Kariuki peke yake ndiye ambaye kuomba kwake kungekuwa ni kusema jambo.

Kijana wa kwanza aliteremka. Wa pili akateremka, tukasikia kishindo na kicheko kutoka chini. Kariuki akaigeuza baiskeli yake magurudumu juu. Alifungua breki, akatoa gurudumu la mbele, kisha la nyuma, akainuka na matope magotini. Alizungumza Kikuyu, ambacho kwa Mkamba kama mimi si kigumu kukifuata. "Baba," alisema, "nipe vyuma."

Mzee alimuuliza vya nini. Kariuki akasema anataka ile nzuri iwe mbele. Mzee akamwambia, bila hasira, kwamba ameiona alfajiri imewekwa vibaya na ameshairekebisha. Vijana wengine walitazama mbali, kama adabu inavyotaka.

"Baba, mimi sibebi maziwa."

Hakuinua sauti, wala hakumtazama usoni. Mzee aliyatazama magurudumu mawili yaliyolala kwenye majani, kisha njia inavyoshuka, kisha tena magurudumu. Alikuwa mtu wa kujibu baada ya kumeza, na safari hii hakuwa na chochote mdomoni. Akavaa kofia yake. Akakifungua kimfuko, akatoa vyuma, akampa. Kariuki alipoanza kuinua ukingo wa tairi kwa papara, mzee alichuchumaa, akalishika gurudumu kwa magoti yake, akasema neno moja tu la ufundi: "Polepole, utabana tyubu." Walifanya kazi pamoja mpaka ikaisha. Kutoka chini Madam alipaza sauti akauliza kama huyo wa mwisho anakuja ama anaunda baiskeli nyingine.

Alishuka. Nilikuwa nimetangulia kwenye kona, na nitaeleza kama nilivyoona, kwa kuwa baadaye watu waliipamba. Haikuwa ya kupendeza. Aliingia kwenye kona kwa kasi kuliko ilivyofaa, nyuma ikamtupa, akashusha mguu, akapiga udongo teke. Lakini mbele ilishika. Alitoka upande wa pili akiwa juu ya kiti, na Madam akafunga mwavuli. Jumatatu nilimsikia kupitia mbao akimwambia mhasibu aandike jina la yule kijana wa maziwa. Kariuki aliongoza wageni miaka kadhaa, hadi kampuni ilipofungwa, na baada ya hapo akaenda Nakuru, ambako ana karakana yake. Njia ya maziwa mzee aliiendesha mwenyewe mpaka magoti yalipokataa. Kuhusu tairi, sikumsikia akisema lolote tena.

Mazishi yalipoisha, tulipokuwa tukila, nilikwenda nje na sahani yangu nikasimama karibu na ukuta wa jikoni. Hapo ndipo nilipoitazama baiskeli nyeusi. Keria ilikuwa tupu, imeshika kutu. Tairi ya nyuma ilikuwa imelika hadi nyuzi zikaonekana. Ya mbele ilikuwa mpya, bado ina vile vinywele vya mpira vya kiwandani. Kariuki alikuja akasimama kando yangu, ndevu zake zina mvi sasa. Nilimuuliza nani aliyeiweka.

Aliniambia aliinunua yeye, Krismasi iliyopita, akaja nayo, akaivisha nyuma mwenyewe, kwa vyuma vya mzee, kama mzee anavyopenda. Mzee alimshukuru. Aliporudi Pasaka aliikuta mbele.

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza," alisema Kariuki. "Aliniambia, 'Siku hizi sibebi maziwa.'"